Wosia halisi: kuutafuta wa marehemu na kuandika wako

Matanga yakishaanuliwa na wageni wa mbali wakishapanda mabasi, huwa kuna mtu anayeuliza, "Lakini marehemu si aliacha wosia?" Mmoja anasema aliuona kwenye sanduku. Mwingine ana picha yake kwenye simu. Wa tatu anakumbuka maneno aliyotamka mgonjwa wodini siku mbili kabla ya kufariki. Wote watatu wanaweza kuwa wanasema kweli, na bado mbele ya hakimu familia ile ikahesabiwa kuwa haina wosia.

Tatizo lina pande mbili. Mahakama inataka karatasi yenyewe iliyoguswa na kalamu ya marehemu, wala si picha yake. Halafu, kwa Tanzania Bara, hakuna sheria moja ya wosia. Zipo tatu, kila moja ina hesabu yake ya mashahidi na mipaka yake ya nani apewe nini, kiasi kwamba wosia uliokamilika kwa sheria moja unaweza kuanguka kwa nyingine. Maelezo yafuatayo ni ya Tanzania Bara. Kenya na Zanzibar zitatajwa pale tofauti inapokuwa na uzito.

Sheria ipi inamhusu marehemu?

Ya kwanza ni sheria ya mila, ambayo kanuni zake za urithi na wosia ziliandikwa katika Tangazo la Serikali Namba 436 la mwaka 1963. Ya pili ni sheria ya Kiislamu. Ya tatu ni sheria ya kiserikali, na hapa wengi hushangaa: chimbuko lake ni Sheria ya Mirathi ya India ya mwaka 1865, iliyoletwa na wakoloni na ambayo haijaondoka hadi leo. Taratibu za mahakamani, ukiacha zile za mahakama ya mwanzo, zimo katika Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352.

Jina la kabila au la ubatizo peke yake halitoshi kuamua. Tangu uamuzi wa Mahakama Kuu wa mwaka 1969 uliojenga msimamo huu, majaji huangalia mfumo wa maisha ya marehemu na nia yake. Aliishi wapi? Alifunga ndoa ya namna gani? Mambo yake aliyaendesha kwa mila za ukoo, au alizipa kisogo? Ndugu wawili wa tumbo moja kutoka Rungwe, mmoja akiwa amekaa kijijini maisha yake yote na mwenzake amefunga ndoa kanisani akafanya kazi Dar es Salaam miaka 40, wanaweza kabisa kuangukia sheria mbili tofauti.

Kwa hiyo anayesema "wosia wangu una mashahidi wawili, umetimia" anasema nusu ya jambo. Kwa sheria ya kiserikali umetimia. Kwa mila unaweza kuwa umepungukiwa.

Kenya walilifungua fundo hili kwa Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika mwaka 1981. Ni sheria moja kwa wote, isipokuwa Waislamu, ambao mirathi yao hufuata sheria ya dini yao na wanaweza kwenda kwa Kadhi. Zanzibar nako mirathi ya Waislamu iko kwa Kadhi, na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ina sehemu yake katika usimamizi na ugawaji.

Kuutafuta

Anzeni nyumbani, lakini asianze mtu mmoja. Wakati mbaya kuliko yote kwa karatasi za marehemu ni zile wiki za mwanzo, mjane akiwa eda au akiwa bado hajielewi kwa majonzi, na kila shemeji ana sababu ya kufungua kabati. Chagueni watu watatu, mmoja upande wa mume, mmoja upande wa mke, na mmoja asiye na fungu lolote, wapekue pamoja na kuandika walichokikuta. Wosia mara nyingi hulala kwenye bahasha ya kaki pamoja na hati ya kiwanja, kadi ya gari au vyeti vya shule. Tazameni pia ndani ya Biblia au Msahafu, na kwenye daftari la madeni. Stakabadhi nayo ni ushahidi wa njia: risiti ya wakili ya miaka sita iliyopita inaweza kuwafikisha moja kwa moja kwenye kabati lake la mafaili.

Nje ya nyumba, sehemu ya kwanza ni RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Ofisi hii inafahamika zaidi kwa vyeti vya kuzaliwa na vya vifo, lakini pia huandika na kuhifadhi wosia. Aliyeuweka huko hukabidhiwa uthibitisho wa kuuhifadhi, na yaliyomo hubaki siri yake mpaka afariki. Mkienda kuuliza, bebeni cheti cha kifo, kitambulisho cha mwombaji na chochote kinachoonyesha uhusiano wake na marehemu. Baada ya RITA pitieni kwa mawakili aliowahi kuwatumia, benki iliyomtunzia nyaraka, ofisi ya parokia au usharika, imamu wa msikiti wake, na mahakama aliyoizoea. Watu wa vijijini huwa na tabia ya kuacha wosia kwa mzee wa ukoo au kwa katibu wa kijiji. Huko utafuteni kwa kuongea na watu, maana hakuna daftari.

Cheti cha kifo kitahitajika kila mlango, basi kishughulikieni mapema. Kifo husajiliwa ndani ya siku 30, na aliyefia hospitali hutolewa tangazo la kifo linaloanzisha usajili. Wanaochelewa huingia kwenye utaratibu wa usajili uliochelewa wenye maswali zaidi. Hakikisheni jina la kwenye cheti linafanana na la kwenye hati za mali. "Juma A. Mussa" na "Juma Ally Musa" ni mtu mmoja kwa jirani, ila kwa karani wa masjala ni watu wawili mpaka mlete kiapo.

Ukishaupata, mkono usitembee

Bahasha iliyofungwa isifunguliwe chumbani na mtu mmoja. Ifunguliwe mbele ya watu, zihesabiwe kurasa, itazamwe tarehe, saini au dole gumba, na majina ya mashahidi, kisha muandike muhtasari unaotaja hali mliyoikuta: imefungwa au imefunguliwa, kurasa ngapi, una mfuto au hauna.

Baada ya hapo msiongeze kitu. Msipigie mstari pale mlipopapenda wala msiandike "imesomwa tarehe fulani" pembeni. Pini inayoshikilia kurasa iacheni ilivyo, kwa sababu matundu mawili ya pini isiyokuwepo ni zawadi kwa wakili wa upande wa pili: atauliza ni ukurasa gani ulichomolewa. Na tafadhali, msiupeleke kwa kijana wa steshenari akaulaminishe. Ni mapenzi mema yanayoharibu. Kukizuka ubishi wa saini, mtaalamu wa maandishi anataka kuona wino umezamaje kwenye karatasi na kalamu imekandamiza kiasi gani, na plastiki ile inamzibia njia. Pigeni nakala kivuli kwa ajili ya familia, halafu karatasi halisi iende kwenye bahasha mpya kwa mtu mmoja aliyekubaliwa, naye asaini kuwa ameipokea.

Kuna watu hudhani karatasi hiyo itabaki nyumbani kama kumbukumbu. Haibaki. Wosia unaowasilishwa kuthibitishwa huingia kwenye kumbukumbu za mahakama na kukaa huko. Mnachopata ni nakala iliyothibitishwa kwa muhuri wa mahakama. Ombeni nakala kadhaa kwa mkupuo mmoja, kwani kila ofisi ya ardhi na kila benki itataka ya kwake.

Karatasi isipoonekana

Hapa ndipo mirathi nyingi hukwama, na swali linaloamua ni dogo: mara ya mwisho wosia ulionekana mikononi mwa nani?

Kama marehemu mwenyewe ndiye aliyekuwa akiutunza, na sasa haupo, mahakama zinazofuata sheria ya kiserikali huanza na dhana kwamba aliuharibu kwa makusudi, maana yake aliufuta. Dhana hiyo inaweza kupinduliwa kwa ushahidi: nyumba iliungua, kuliingia mafuriko, au wiki moja kabla ya kifo alikuwa bado akiutaja kama jambo lililo hai. Kama ulikuwa kwa wakili au ofisini ukapotelea huko, dhana ile haina pa kusimama. Sheria inaruhusu kuthibitisha nakala au rasimu ya wosia uliopotea baada ya kifo au ulioharibiwa bila mkono wa mwenyewe, kwa sharti kwamba nguvu yake itaishia pale karatasi halisi itakapopatikana. Pasipokuwa hata na nakala, yaliyomo yanaweza kuthibitishwa kwa ushahidi wa walioufahamu, ingawa huo ni mlima.

Basi ile picha ya kwenye simu msiifute. Peke yake si wosia, lakini inaweza kuwa ushahidi wa wosia. Ihifadhini pamoja na tarehe yake na jina la aliyeipiga.

Na ikiwa wosia upo ila fulani ameukalia? Mahakama ina uwezo wa kumwita mtu anayeaminika kuushikilia ahojiwe na aamriwe kuuleta. Mwandikieni kwanza barua, mbaki na nakala iliyosainiwa kuwa imepokelewa, kisha muombe amri. Mara nyingi barua yenyewe huutoa wosia chini ya godoro.

Yapo pia yale maneno ya wodini. Sheria ya mila inatambua wosia wa mdomo, lakini si wa kila aliyekuwa karibu na kitanda. Unataka mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki, yaani wasio wa ukoo. Binti aliyemsikia baba peke yake usiku wa manane amesikia kweli, ila hajashuhudia wosia. Kenya wanahitaji mashahidi wawili tu, lakini wosia huo wa mdomo unakufa kama aliyeutamka ataishi zaidi ya miezi mitatu baada ya kuutamka, isipokuwa kwa askari aliye vitani.

Kuufikisha mahakamani

Wosia wenyewe haumpi mtu ufunguo wa akaunti. Aliyetajwa ndani yake kuwa msimamizi, ambaye watu wa pwani humwita wasii, lazima kwanza atambuliwe na mahakama. Mirathi ya mila au ya Kiislamu huanzia mahakama ya mwanzo ya mahali marehemu alipokuwa akiishi. Ya sheria ya kiserikali huenda juu zaidi, mahakama ya wilaya au Mahakama Kuu, kutegemea ukubwa wa mali. Kupeleka mahakama ya mwanzo mirathi isiyo ya kwake ni kosa ghali: miaka mitatu baadaye, nyumba ikiwa imeshauzwa, mtu hukata rufaa na kila kitu hufutwa kwa sababu mahakama haikuwa na mamlaka.

Kwenye mahakama ya mwanzo hujazwa Fomu Namba I. Huambatanishwa cheti cha kifo, wosia halisi kama upo, na kwa mazoea muhtasari wa kikao cha ukoo. Muhtasari huo umepewa heshima kuliko inayoustahili. Kikao cha ukoo kinapendekeza. Hakiwezi kufuta wosia halali kwa sababu wajomba hawakuupenda. Mahakama hutoa tangazo, husubiri muda iliopanga ili mwenye pingamizi ajitokeze, na pasipo ubishi hutoa Fomu Namba IV, ile ambayo benki na ofisi za ardhi huiulizia.

Hapo kazi ndiyo imeanza. Ndani ya miezi minne msimamizi anatakiwa kurudisha orodha ya kweli ya mali na madeni kwa Fomu Namba V, kisha hesabu za mgawanyo kwa Fomu Namba VI. Kwenye Mahakama Kuu orodha hutakiwa ndani ya miezi sita na hesabu ndani ya mwaka mmoja. Wasimamizi wengi hupata Fomu IV na kupotea. Kufanya hivyo ni kutoa sababu ya kuondolewa, hata kama hawakuiba senti.

Kabla ya uteuzi, kuuza ng'ombe wa marehemu au kukusanya kodi za wapangaji wake na kuzitumia ni kuingilia mirathi. Kenya sheria inataja adhabu waziwazi: faini isiyozidi shilingi 10,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili.

Mali ambayo wosia hauigusi

Kabla ya kugombania kipengele cha nyumba, soma hati yake. Kama ardhi imesajiliwa kwa majina mawili kwa umiliki wa pamoja usiogawanyika, mmoja akifa mwenzake anabaki na yote, hata wosia useme vipi. Kama wamesajiliwa kwa mafungu, fungu la marehemu ndilo linaloingia kwenye mirathi. Vilevile sehemu ya mke katika mali waliyochuma pamoja si mali ya mume kuigawa. Mafao ya pensheni yana utaratibu wake kwa mujibu wa sheria za mifuko, unaoanzia kwa mwenzi na watoto. Na jina ulilolijaza kwenye fomu ya SACCOS miaka 15 iliyopita, pengine la mchumba mliyekwishaachana, linaweza kuwa ndilo litakaloitwa kwanza. Fomu hizo zirekebishe siku ileile unayoandika wosia.

Kuandika wako: mashahidi

Ukiwa na shaka ni sheria ipi itakayokuhusu, andika wosia utakaosimama kwa iliyo kali zaidi. Hilo hupuuzwa, na gharama yake ni viti viwili vya ziada mezani.

Kwa mila, wosia wa maandishi huandikwa kwa wino au kwa chapa, kamwe si kwa penseli. Uwe na tarehe, na utaje kuwa mwenye kuusia ana akili timamu na anafanya kwa hiari yake. Anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua huweka dole gumba la kulia na kuwa na mashahidi wanne, wawili kwa wawili. Mashahidi wawe wanaojua kusoma na kuandika, na wasiwe warithi. Mke, au wake, waliopo nyumbani wakati huo nao hushuhudia.

Sheria ya kiserikali inataka mashahidi wawili walioona ukitia saini, au uliowaambia kuwa saini ile ni yako, nao watie za kwao ukiwa unawaona. Shahidi aliyeachiwa kitu, au ambaye mkewe au mumewe ameachiwa kitu, haubatilishi wosia mzima, lakini kile alichoachiwa kinaanguka. Hii ndiyo ajali ya kawaida kuliko zote: mzee anamwita mkwewe mwaminifu ashuhudie, na kwa saini ile binti yake anapoteza kiwanja. Kenya msimamo ni huohuo, ila zawadi inaokolewa kama pana mashahidi wengine wawili wasio na maslahi.

Kwa hiyo kaeni watu watano: wewe, wawili wa ukoo ambao hawana fungu, na wawili wa nje, ikibidi mwenyekiti wa mtaa na mwalimu jirani. Chagua walio wadogo kwako kwa umri, maana shahidi wa miaka 80 hatakuwepo siku anapohitajika. Kalamu iwe moja kwa wote. Saini chini ya kila ukurasa na mashahidi wafuatishe, kila mmoja akiandika jina kamili, anwani na kazi yake. Kurasa zipewe namba kwa mtindo wa "1 kati ya 3". Asitoke mtu kupokea simu hadi wa mwisho amalize.

Kuandika wako: maneno

Tazama sentensi hii, ambayo ni ya kawaida sana: "Nyumba yangu ya Mbagala namwachia mke wangu na watoto." Nyumba ipi, kama baadaye alijenga ya pili? Mke yupi? Watoto ni wale wa ndani tu? Kila mtu fungu gani? Mistari ifuatayo ni mirefu, lakini inalala usingizi:

"Nyumba yangu iliyopo Mbagala, Wilaya ya Temeke, Kiwanja Namba ..., Kitalu ..., Hati Namba ..., pamoja na ardhi yake, namwachia mke wangu (jina kamili na namba ya kitambulisho cha taifa) nusu, na nusu iliyobaki wanangu watatu (majina kamili na tarehe za kuzaliwa) kwa mafungu sawa. Mmoja wao akifariki kabla yangu, fungu lake liende kwa watoto wake. Akiwa hana mtoto, ligawanywe sawa kwa waliobaki."

Shamba lisilopimwa litambuliwe kwa majirani wa pande zote nne, mto au barabara, kitongoji na kijiji. Gari kwa namba ya usajili. Akaunti kwa jina la benki na tawi, na kamwe usiandike namba ya siri. Taja unayodaiwa na unayodai. Teua msimamizi na wa akiba, na mlezi wa watoto wadogo. Malizia kwa kipengele cha "mali nyingine yoyote nitakayokuwa nayo", la sivyo pikipiki uliyonunua mwezi uliopita itahitaji mirathi yake peke yake.

Ule mfano wa juu usiuchukue kama wewe ni Mwislamu. Mke na watoto ni warithi, na mrithi haachiwi kwa wosia ila warithi wenzake waridhie baada ya kifo. Wosia wa Mwislamu hufanya kazi ndani ya theluthi moja, tena baada ya mazishi na madeni. Chukua mali ya shilingi 60,000,000. Mazishi 1,500,000. Madeni 10,500,000, humo ikiwemo mahari ambayo mke hakulipwa, kwa sababu hiyo ni deni kama deni lolote. Zinabaki 48,000,000, theluthi yake ni 16,000,000. Kama wosia ulitoa 20,000,000, zile 4,000,000 za juu zinasubiri ridhaa ya warithi. Na hata hiyo theluthi, Mtume (s.a.w.) alimwambia Saad bin Abi Waqqas kuwa ni nyingi.

Ndani ya theluthi hiyo mna nafasi ambayo wengi hawaitumii. Wajukuu waliofiwa na baba yao hawarithi kitu kwa babu ikiwa ami yao, mtoto wa kiume wa babu, yupo hai. Wosia ndio mlango wao. Ndivyo ilivyo kwa mtoto wa kulea, na kwa mke asiye Mwislamu.

Kumnyima mtu kuna masharti yake. Kwa mila mrithi ananyimika kwa sababu zinazojulikana: kuzini na mke wa mwenye kuusia, kumshambulia vibaya au kujaribu kumuua, kumtelekeza katika njaa au ugonjwa bila sababu ya haki, kuharibu mali yake. Sababu iandikwe wazi ndani ya wosia, na mhusika awe amepewa nafasi ya kujitetea. "Simpi kitu, anajua alichonifanyia" haitoshi. Na kama unadhani wosia hauwezi kumfaa binti kwa shamba la ukoo, kumbuka uamuzi wa Mahakama Kuu Mwanza wa mwaka 1990. Mwanamke aliyeachiwa shamba na baba yake kwa wosia aliliuza, mauzo yakapingwa kwa kanuni ya kimila ya Wahaya, na Jaji Mwalusanya akaikataa kanuni hiyo kuwa ni ya kibaguzi, kinyume cha Katiba.

Mabadiliko, na pa kuuweka

Usikate maneno kwa kalamu na kuandika juu yake. Ukitaka kubadili, andika wosia mpya wenye tarehe na sentensi inayofuta uliotangulia, upate mashahidi upya, kisha ule wa zamani uuharibu wewe mwenyewe. Ndoa mpya hufuta wosia wa awali kwa sheria ya kiserikali ya Tanzania na kwa ya Kenya, na wanaooa mara ya pili husahau hili kila siku. Walioko Uingereza au Marekani wawe macho na sentensi ya kufuta wosia zote za awali: wakili wa London anaiweka kwa mazoea, na kwa mstari huo mmoja unaweza kuwa umefuta wosia wa nyumba yako ya Tanga. Mwambie autaje kuwa unahusu mali za huko tu, kwani ardhi hufuata sheria ya nchi ilipo.

Karatasi halisi iwe moja. Ukisaini tatu "kwa usalama", siku ya siku itaonekana moja, na utaulizwa mbili ulizichana kwa nini. Iweke RITA, kwa wakili au benki. Nyumbani iwepo nakala kivuli iliyoandikwa juu yake kwa kalamu nyekundu: NAKALA. Msimamizi uliyemteua umpe nusu karatasi isiyotaja mali yoyote, yenye mistari mitatu tu: wosia halisi uko ofisi fulani, ulihifadhiwa tarehe fulani, namba ya stakabadhi ni hii.